Vioo Sita vya Nyaishozi

Nyaishozi,
12 Februari 1989

Kwa mjukuu wangu Laurensia, mke mdogo uliyenikimbia ukaenda kuolewa na mashine,

Nakusalimu kabla hujanisalimu, maana shikamoo yako siku zote hubeba maswali mgongoni. Sisi tu wazima. Bibi yako Nyiransabimana, mke mwenzio, anakohoa kidogo ila pumzi ya kunigombeza anayo kutwa. Maharage yametoka mazuri. Buni imekauka na hakuna aliyekuja kuichukua. Mbuzi mweupe amezaa pacha, na mmoja ana tabia zako, hataki kamba. Baba yako Polikarpi alikuja Krismasi kutoka kule Kyerwa kwenye machimbo ya bati, akakaa siku mbili, akala kama watu wanne, akarudi. Aliniuliza kama bado nina nguvu. Nikamwambia ajaribu kuninyang'anya kibuyu cha pombe ya rubisi aone.

Sasa mzigo wako. Protase, yule mnunuzi wa kahawa, anashuka Dar es Salaam wiki hii. Nimemkabidhi vioo vyako sita, nimevifunga kwenye kitenge cha bibi yako (usimwambie), pamoja na daftari. Mwaka umetimia tangu uvipange kwenye ubao, ukaupigilia juu ya bati, ukaniambia vinywe jua tu, kila Jumamosi nipande nivifute vumbi, na kila siku niandike jua limekuwaje. Nimeandika. Hakuna siku niliyoruka. Mtu aliyefika darasa la nne la mapadri anaweza kuandika "jua kali" bila kutoa ulimi nje.

Protase alitaka kujua unasomea nini hasa. Nikamweleza kwamba unakiweka kioo gizani, unakimulika ghafla, na umeme unaamka ndani yake; unapima umechukua muda gani kuamka. Kisha unazima taa, unapima umechukua muda gani kulala. Ni kama mbwa wa nyumbani: mgeni akipita anabweka, mgeni akishapotea kwenye migomba, je, mbwa ananyamaza lini? Wewe unapima hapo. Akauliza kama serikali inasomesha watu mambo ya mbwa. Nikamwambia ndiyo, tena mbwa wa kwako wanaamka na kulala kabla Protase hajafumba jicho moja.

Nilitaka kusahau: nimechonga fimbo mpya. Watu wanasema nafanana na askofu.

Ni mimi mumeo wa zamani,
Telesfori


Dar es Salaam,
9 Machi 1989

Babu, shikamoo. Na ya Bibi umpelekee sasa hivi kabla hujasoma mbele, kwa sababu mbele si pazuri.

Mimi ni mzima. Joto la huku limenichosha na maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Protase alifika salama, mzigo nimeupata, kitenge nimekifua na nitakirudisha.

Babu, nitakueleza taratibu. Vioo vile vina utando mwembamba wa silikoni, na utando huo ukikaa juani muda mrefu huchoka. Nikiumulika, umeme hupanda kidogo tu, na nikizima taa huanguka upesi. Vioo vingine sita nilivifungia gizani hapa maabara mwaka huohuo. Hivyo havijachoka: umeme hupanda juu sana na hushuka polepole. Tofauti ya kushuka huko ndiyo shahada yangu. Sina kitu kingine.

Nimepima vyako mara tano. Nina mashine inayochora mstari wa kijani, na mstari wa vioo vya Nyaishozi unapanda juu na kushuka polepole, karibu sawa na vile vya gizani. Kana kwamba jua havikuliona zaidi ya wiki chache.

Daktari Rwegoshora, anayenisimamia, hakufoka. Alifunga mlango akaniuliza, "Laurensia, hivi ndivyo vile, au umebadilisha?" Tarehe 30 Mei nitasimama mbele ya kamati. Wakiamini nimebadilisha vioo, nafukuzwa kwa udanganyifu, na hakuna chuo kitakachonipokea tena.

Na unakumbuka Baba alivyoniruhusu. Ulikuwepo. Masharti mawili: masomo yaende bila doa, na ninyi wawili muwe na nguvu. Moja likivunjika, narudi nyumbani kuwatunza, kwa sababu mama alipofariki ninyi ndio mlionilea, na mimi ndiye mkono wenu.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Vioo vilikaa juu ya bati siku zote?

Mjukuu wako,
Laurensia


Nyaishozi,
2 Aprili 1989

Kwa Laurensia msomi,

Pasaka imepita, tumeila. Kwaya ya kigango chetu iliimba vibaya mpaka katekista akatoka nje kujifanya anafukuza mbuzi. Rwegoshora mwingine, yule fundi wa hapa senta ambaye natumaini hana udugu na Daktari wako, ameoa mke wa pili na sasa analala kwa mama yake. Mvua imeshika. Njia ya Nyabiyonza haipitiki, lori la ushirika limezama kwenye tope siku ya tatu leo, na watu wanakwenda kulitazama kama maiti ya chifu. Bibi yako amepanda viazi mahali nilipomkataza, vimeota vizuri, hatuzungumzii jambo hilo. Yule mwanambuzi mkorofi amekula ukurasa wa kalenda, kwa hiyo kwetu hakuna mwezi wa Machi.

Kuhusu swali lako: vilikaa.

Huyo Daktari mwambie babu yako alilima kahawa ya wazungu, akalima ya ushirika, akalima ya kwake, na hakuna mtu aliyewahi kupima gunia lake mara mbili. Daftari analo. Linasema jua, na jua lilikuwepo. Kama mashine yake haikubaliani na jua la Karagwe, aitengeneze mashine.

Bibi yako anasema ule ushibe. Mimi nasema usilie mbele ya wanaume wenye miwani.

Telesfori


Dar es Salaam,
25 Aprili 1989

Babu, shikamoo. Bibi pia. Nimeshiba, na sikulia mbele yake.

Barua yako nilimpelekea Daktari Rwegoshora. Nikamwambia: babu yangu amenilea tangu nikiwa na miaka minne, akisema vilikaa, vilikaa. Nikaandika hivyo na kuweka sahihi, ili karatasi iende kwenye kamati. Neno lako sasa ni neno langu. Likianguka, tunaanguka nalo wote wawili.

Halafu juzi nilikuwa nasafisha kingo za kioo cha nne. Pamba ikatoka nyeusi. Masizi, Babu. Nikakinusa. Unajua nilinusa nini? Nyumbani. Nilinusa jiko la Bibi, mpaka nikakaa chini.

Juu ya bati hakuna masizi.

Tena nimelisoma daftari upya. Kuanzia tarehe 17 Aprili mwaka jana mwandiko umelala upande, kama wa mtu anayeandika akiwa kitandani, na umelala hivyo karibu miezi mitatu. Na kuna jambo jingine. Umeniandikia ukurasa mzima wa Pasaka na neno moja la jibu. Mimi nakujua. Ukiwa na haki huandika neno moja la Pasaka na ukurasa mzima wa jibu.

Bado wiki tano. Sikuulizi tena kwa ajili ya Daktari. Nakuuliza mimi. Nini kilitokea tarehe 16 Aprili?

Laurensia


Nyaishozi,
17 Mei 1989

Mjukuu wangu,

Bibi yako hajambo. Mbuzi hawajambo. Salamu zimeisha.

Barua yako ilikaa njiani siku kumi na nane kwa sababu ya mvua, ikanifikia Jumamosi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea bibi yako kwa sauti, na hapo ndipo nilipokosea, maana yeye hana subira kama mimi.

Ilikuwa Jumamosi, nimepanda kuvifuta vumbi kama ulivyoniagiza. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, bati linateleza. Nilianguka. Muundi wa mguu wa kulia ukavunjika, nikausikia ukilia kama kuni kavu. Akaitwa mganga wa mifupa kutoka Nyabiyonza, akaunyoosha, ukaunga. Umeunga vibaya. Siwezi kupanda hata kitanda bila kukitukana kwanza. Hiyo fimbo ya askofu ni mguu wangu.

Bibi yako aliukasirikia ule ubao kuliko alivyonionea mimi huruma. Akaushusha kwa mti wa kuchumia maparachichi, akataka kuutupa chooni. Nikamwambia hapana, hivyo ni vitu vya Laurensia, viwekwe mahali pa kutunzwa. Na wewe umekulia humu ndani, unajua mahali pa kitu cha kutunzwa ni wapi. Kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto, pamoja na mbegu za maharage, ambapo fukusi hawafiki. Tuliviweka kwenye kopo la maziwa, kwenye mti wa chini kabisa wa uchaga. Vimekaa pale tangu Aprili mpaka Protase alipokuja.

Daftari sikudanganya. Kila siku nilitazama mlangoni, nikaandika jua lililokuwepo. Ni kweli liliwaka. Sikuandika tu kwamba vioo havikuwa chini yake. Bibi yako anasema huo ndio uongo wenyewe, ule mwingine ni wa kitoto.

Kwa nini sikusema. Wewe unayajua masharti ya baba yako. Mguu wangu ukijulikana, unarudi Nyaishozi kunikandia maji ya moto, na vitabu vinakuwa vya kuwashia moto. Nikasema moyoni, nitajificha mwaka mmoja, mtoto atamaliza. Polikarpi alipokuja Krismasi nilikaa kwenye kiti siku mbili, nikasema nimelewa. Aliamini bila taabu, jambo ambalo lilinikera. Halafu barua yako ya Machi ikaja, na nikajikuta nimesimama mahali pabaya: nikisema, baba yako anakuita, nisiposema, kamati inakufukuza. Nikachagua kunyamaza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mdomo.

Bibi yako hakuniuliza. Jumapili alituma mtu Kyerwa. Jumatatu jioni Polikarpi amefika na pikipiki ya machimbo. Akanitazama nikitoka uani. Jana asubuhi amenipakia nyuma, tumeteleza kwenye tope mpaka posta ya Kayanga. Pale dirishani nikaandika telegramu yangu: VIOO VILISHUSHWA APRILI 88 VIKAKAA JIKONI JUU YA MOTO KOSA LANGU. Karani akahesabu maneno, akapiga muhuri. Nikageuka, nikamwona baba yako naye ameomba fomu. Akaandika amesimama. Mimi nina macho ya kusomea mbali: LAURENSIA RUDI BABU HATEMBEI. Akaisukuma kwa karani huyohuyo, juu ya ile yangu.

Basi zimetoka pamoja, mjukuu wangu. Sijui ipi itakufikia kwanza. Ya kwangu ndiyo unayoihitaji, na ya kwake sina haki ya kuipinga, kwa sababu kila neno lake ni kweli.

Telesfori


Dar es Salaam,
4 Juni 1989

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo, na asante kwa kutuma mtu.

Ya Baba ilifika kwanza. Siku mbili nzima niliishi nikijua tu kwamba hutembei. Nilidhani umepooza. Nilifunga sanduku. Nilikuwa nimeshika tiketi ya treni mkononi ilipoingia ya kwako, na nikasimama koridoni nikisoma neno "jikoni" kama mtu asiyejua kusoma.

Nina hasira na wewe. Nataka ujue hivyo kabla sijasema mengine. Ulificha mguu ili nisome, na kwa kuuficha umenifanya niweke sahihi kwenye uongo. Ungeniandikia Aprili ile, ningevipeleka vioo vingine kwenye bati la mtu mwingine, na leo ningekuwa naandika kurasa za mwisho.

Tarehe 30 nilisimama. Nilisema karatasi niliyosaini si ya kweli, nikasoma telegramu. Mmoja wa kamati akacheka kidogo, akasema telegramu yeyote anaweza kuituma. Barua yako ilikuwa bado njiani (imenifikia jana), na hata ingekuwepo, ni babu anamwandikia mjukuu. Walikuwa tayari kupiga kura.

Daktari Rwegoshora ndiye aliyeomba nafasi. Alisema kuna kitu kinachojulikana: utando uliochoshwa na jua, ukipashwa moto, hupona. Maabara tunautia kwenye tanuri. Kama jiko la Nyaishozi lina joto la kutosha, basi liliponya vioo, na mjukuu hakubadilisha kitu. Kama halina, mjukuu ni mwongo. Tutachukua vioo viwili katika sita, tutavichosha kwa taa kali mpaka mstari uanguke upesi, kisha tutaviweka kwenye tanuri kwa joto la jiko lenu, si zaidi, tuone kama vinarudi nilipovikuta Februari. Kamati imekubali. Mwisho ni tarehe 31 Julai.

Kwa hiyo kila kitu kinasubiri joto la jiko la Bibi. Ndani ya kifurushi hiki kuna kipimajoto. Kiwekwe palepale lilipokaa kopo. Someni siku tatu: kabla ya moto, maharage yakichemka, na wakati wa kuivisha ndizi za pombe. Usikisie, Babu. Usiandike namba inayonifaa. Andika unachokiona, si unachokitaka. Ikiwa ni ndogo, andika ndogo.

Baba ameniandikia kwamba anakuja kunichukua. Nimemjibu kwamba sitoki hapa kabla ya tarehe 31. Sijawahi kumjibu hivyo.

Mguu unauma usiku, au mchana tu?

Laurensia


Nyaishozi,
2 Julai 1989

Kwa Laurensia mwenye hasira,

Hasira yako imefika bila kuchelewa, tofauti na barua nyingine. Nimeipokea kwa mikono miwili. Tuendelee.

Mguu unauma pale bibi yako anaposema, "Nilikwambia."

Kipimajoto kimefika kizima. Ugomvi ukawa nani atakisoma. Mimi siwezi kusimama juu ya kigoda, bibi yako anasimama vizuri lakini namba hazijui, na akikishusha aniletee, ile zebaki ya ndani, fedha ya maji, inakimbia chini kabla sijavaa miwani. Nilikaribia kusema tukisie, nikajiuma. Bibi yako ndiye aliyepata njia. Alichukua uzi wa mgomba, akaufunga palepale fedha ilipofika, akakaza fundo, ndipo akashuka. Fedha ikakimbia inavyotaka, fundo likabaki. Nikasoma fundo. Akafanya hivyo siku tatu, na kila fundo alilikagua mara mbili huku akinitazama kama mwizi wa kuku.

Kabla ya moto: 29, 31, 30. Maharage yakichemka: 86, 91, 88. Kuivisha ndizi, moto wa magogo mchana kutwa: 104, 109, 106. Na anasema nikuandikie kwamba tangu mwaka jana tumeivisha ndizi mara kumi na moja, siku nne kila mara, maana arusi zilikuwa nyingi. Amezihesabu kwa arusi, si kwa kichwa changu.

Sijui kama namba hizi zinafaa. Niliziandika nikiwa nazichukia, kwa kuwa sikuruhusiwa kuzigusa.

Sasa jambo gumu. Posta bado ni barabara mbovu na karani mgonjwa, na waya wa telegramu umekatika tangu wiki iliyopita. Barua hii ikipita njia yake haitakufikia kabla ya tarehe yenu. Mtu anayesafiri ni mmoja tu: baba yako. Kesho anashuka Bukoba, apande meli mpaka Mwanza, kisha treni. Anakuja kukuchukua. Amekwisha mwambia msimamizi wake na amemwambia bibi yako akusafishie chumba.

Nimempa yeye bahasha. Sikumficha kilichomo. Nilimwambia, "Polikarpi, humu ndimo mnamokaa masomo ya binti yako. Ukiitupa ziwani, hakuna atakayejua." Akaiweka mfukoni, akafunga kifungo, akaenda kulala.

Kama unasoma hapa, basi mwanangu ni mwaminifu kuliko mimi.

Telesfori


Dar es Salaam,
6 Agosti 1989

Babu, Bibi, shikamooni.

Nimeisoma. Lakini bahasha ilikuwa imefunguliwa.

Baba alifika Jumatano, akaja moja kwa moja maabara na kofia mkononi. Alisema nifungashe. Sikuona bahasha yoyote, na mimi nilikuwa nimesubiri posta wiki tatu, zimebaki siku kumi na tisa tu, na tanuri lenyewe linataka kumi na nne. Nikamwambia mpaka tarehe 31. Akaenda kukaa kwa Protase. Alhamisi akaja tena, akakaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili mpaka jioni, akaondoka. Ijumaa aliiweka mezani.

Aliniambia aliifungua kwenye treni, baada ya Tabora. Alikuwa amekwisha shusha dirisha aitupe. Akasoma mstari wako wa mwisho, akakaa nayo mkononi mpaka Dodoma. Siku mbili za kwanza hapa alikuwa bado hajaamua.

Vioo viwili vilikuwa vimekwisha choka chini ya taa. Tukavitia kwenye tanuri: joto la maharage siku kumi, la ndizi siku nne. Daktari Rwegoshora alilifunga tanuri kwa ufunguo na ufunguo akampa yule wa kamati aliyecheka.

Siku ya kupima, Baba akaomba kuingia. Nikamwambia chumba ni cheusi kabisa, na nikianza mlango haufunguliwi mpaka nimalize, saa tatu nzima. Akaingia. Babu, sijawahi kukaa na baba yangu saa tatu mahali pamoja. Nilimulika, nikazima, nikasoma, nikaandika kwa tochi nyekundu, nikarudia. Mstari ulipanda. Kisha ukaanza kushuka, na ulishuka polepole, polepole kama Februari. Nikarudia mara ishirini kwa kila kioo kwa sababu sikuiamini mikono yangu. Yeye nilisikia pumzi yake tu. Akaniuliza kama hiyo ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri. Halafu nikamsikia akisema gizani, "Mguu ni wa baba yangu. Kwa nini nimekuja kumchukua mtoto wangu?"

Nilimulika tena, nikazima.

Kamati ilikaa tarehe 31. Sikubadilisha vioo, wameandika hivyo, na aliyecheka ameweka sahihi. Lakini karatasi niliyosaini ni kosa langu, na nimepewa onyo la maandishi litakalokaa kwenye faili langu. Mwaka wa Nyaishozi si mwaka wa jua, hauwezi kuhesabiwa. Naanza upya Septemba, na vioo vipya, miezi kumi na miwili.

Baba ameondoka Jumanne. Hakunieleza anakwenda kufanya nini. Alichukua sanduku langu tupu, akasema analihitaji.

Laurensia


Nyaishozi,
10 Septemba 1989

Kwa Laurensia, ambaye bado ni wa shule,

Bibi yako anakusalimu na anadai kitenge chake. Nani alimwambia, sijui. Mvua ya vuli imeanza.

Baba yako alifika Kyerwa, akaaga machimbo, akajaza nguo zake kwenye sanduku lako, akaja. Yuko hapa wiki ya tatu. Anapika uji mzito kama saruji. Amenifungia rubisi kwenye chumba chake na ufunguo anautundika shingoni kama msalaba. Asubuhi ananikanda mguu kwa maji ya moto na mikono yake ya kuchimba bati, nami namtukana kwa Kinyambo, Kihaya na lugha ya mama yake, hajali. Jana amenitembeza mpaka barabarani bila fimbo, hatua arobaini na mbili. Amezihesabu yeye.

Hatujazungumza habari ya kule Dar. Ila juzi tukila alisema, bila kunitazama, kwamba mstari wa kijani ulichukua muda mrefu kushuka. Nikamwambia ndiyo, nilisikia. Tukaendelea kula.

Fanya mwaka wako. Na ukitaka kujua naendeleaje, usiniulize mimi. Muulize yeye. Kwa swali hilo mimi si mtu wa kuaminika.

Telesfori